Castory Ntahondi na Filamu Iliyofika Kigoma Bila Mwisho

Baba Paroko, wafiwa wenzetu, majirani wa Rusimbi, wazee wa Ujiji, nanyi mliotoka kambi ya wakimbizi kwa ruhusa ya siku moja ili mje kumsindikiza: haya ndiyo maisha ya ndugu yetu Castory Ntahondi, kwa kadiri maisha ya mtu yanavyoweza kuenea katika karatasi za ibada.

Castory alizaliwa Simbo tarehe 2 Februari 1938, siku ambayo Kanisa hubariki mishumaa. Alikuwa mtoto wa tano wa Mzee Ntahondi na Mama Regina, wakulima wa mihogo na maharage. Kati ya watoto saba wa nyumba ile, wanne walizikwa kabla hawajaota meno ya pili, na Mama Regina, aliyekuwa msimulizi hodari, mara nyingi alisinzia kwa uchovu hadithi ikiwa katikati. Castory ndiye aliyeimalizia. Kesho yake mama akisema, “Sivyo ilivyo, sungura hakupona,” watoto wenzake walimkatalia mama, wakashika mwisho wa Castory. Mama Regina aliwahi kumwambia, “Wewe mtoto, huruma yako itakuja kukutafutia kesi.”

Alibatizwa angali mchanga, akasoma shule ya misheni na baadaye shule ya kati, akamaliza darasa la nane mwaka 1955. Walimu wake hawakumkumbuka kwa hesabu. Walimkumbuka kwa sauti: sauti pana, isiyo na haraka, iliyofika kwenye benchi la mwisho kanisani bila kupiga kelele. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomwoza, na ndiyo ambayo Mungu aliichukua kwanza.

Mwaka 1957 aliajiriwa kituo cha reli Kigoma, akawa karani wa vifurushi hadi alipostaafu mwaka 1993. Miongoni mwa vifurushi vilivyopita mikononi mwake ni masanduku ya bati yenye filamu za Kihindi, yaliyokwenda ukumbi wa sinema wa Bwana Jivraj. Mji mzima ulizipenda filamu hizo, na mji mzima haukuelewa neno hata moja. Basi Jivraj akamwomba karani huyu mwenye sauti asimame jioni kando ya pazia, juu ya kigoda, aeleze kwa Kiswahili na Kiha yanayosemwa. Castory mwenyewe hakujua Kihindi. Jivraj alimweleza kisa kwa ufupi kabla ya onyesho, na yaliyobaki aliyasoma katika nyuso.

Uso alioujua kuliko yote ulikuwa wa mwigizaji aitwaye Jaidev Lalwani. Lalwani hakuwa mpiganaji wala mchezaji ngoma. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyetembea kama aliyebeba maji kichwani. Na kila alipotukanwa, kabla ya kujibu, alitoa leso nyeupe kwenye mfuko wa kushoto, akajifuta paji la uso, akaikunja, akairudisha. Ndipo alipojibu, na jibu lilikuwa la adabu. Castory aliona katika mtu yule kile ambacho walimu wa kale walikiita utawala wa nafsi, na tangu mwaka 1960 hakuonekana tena mjini bila leso nyeupe mfuko wa kushoto. Wapagazi wa stesheni walimtania wakimwita “Bwana Leso.” Siku moja abiria mlevi alimtolea matusi ya ukoo mzima mbele ya umati. Castory akatoa leso, akajifuta, akaikunja. Mpagazi mmoja akapaza sauti, “Ngojeni! Sasa anajibu!” Castory akasema, “Mzigo wako uko salama, mzee. Wewe ndiye unayetupa wasiwasi.” Hata mlevi alicheka.

Mwezi Machi 1963 ililetwa filamu ambayo Kigoma waliiita Filamu ya Leso. Lalwani aliigiza kijana aliyeondoka kwa mama yake kwenda kutafuta kazi mbali, akasingiziwa wizi, akafungwa miaka mingi. Leso ile alipewa na mama. Kila jioni mama aliwasha taa mlangoni na kufunika sahani ya chakula. Mwishoni kijana anafunguliwa akiwa na kifua kibovu, anapanda treni ya kurudi, magurudumu yanaanza kuzunguka. Na hapo, ukumbini Kigoma, mwanga ukawaka. Mvua ilikuwa imekata njia ya reli, na sanduku la rili ya mwisho, yaani kipande cha kumalizia filamu, lilikuwa limekwama huko nyuma, katika behewa jingine. Watu wakaanza kupiga benchi kwa miguu. Jivraj, jasho likimtoka, akamnong'oneza Castory, “Malizia wewe! Waambie anafika kwao!”

Castory akapanda kigoda, akaimalizia. Akasema treni imefika, ni jioni, kijana anatembea, anaiona taa. Anabisha hodi. Na mama, bila kuinuka, kwa kuwa anaujua mgongo wa mkono ule kwenye ubao, anasema: “Ingia, chakula kimepoa.” Wanaume wazima walilia. Tangu siku hiyo, mtu akichelewa nyumbani au msibani, watu wa Kigoma humwambia, “Ingia, chakula kimepoa,” na wengi wenu mnaosema hivyo hamkujua mpaka leo kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwa huyu aliyelala hapa. Siku chache baadaye Castory alimuuliza Jivraj kama ndivyo filamu inavyokwisha kweli. Jivraj, akiwa na haraka ya kufungasha masanduku ya kurudisha, akajibu, “Ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo.” Castory akaamini. Filamu ile haikurudi tena.

Ndipo ukaja mwaka 1972. Wote mliokuwa na akili mwaka ule mnakumbuka mitumbwi iliyokuwa ikitoka Burundi, imejaa hadi maji kugusa ukingo. Ufukweni Mwamgongo aliteremka mwanamke wa miaka ishirini na sita, Verediana, mzaliwa wa upande wa Nyanza, huko Burundi. Mumewe alikuwa ameuawa nyumbani kwao. Mwanawe wa pekee, Noel, alikuwa na miaka sita. Wakati wa kupakia, katika kelele za bunduki, wanaume walinyanyua watoto wakawatia katika mtumbwi wa mbele nao wanawake wakapakiwa katika wa nyuma. Mtumbwi wa nyuma ulifika. Wa mbele haukuonekana Mwamgongo, wala Kigoma, wala popote alipouliza.

Wenzake walipohamishiwa makazi ya ndani ya nchi, Verediana alikataa kuliacha ziwa; masista wakampa kazi ya kufua parokiani. Castory alikuwa akienda pale siku za Jumapili kuwafariji waliofikwa, na kwa kuwa hakuwa na mali, aliwapa alichokuwa nacho: aliwasimulia Filamu ya Leso, kwa Kiha, ambacho Mrundi anakielewa bila mkalimani. Aliposema, “Ingia, chakula kimepoa,” Verediana, ambaye kwa majuma hakuwa amezungumza na mtu, alimuuliza, “Alikaa huko miaka mingapi?”

“Mingi, dada.”

“Na mama hakuchoka?”

“Hakuchoka.”

“Ego,” akasema Verediana, yaani ndiyo. “Basi nami nipatieni koroboi.”

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1974. Siku ya kuposana, bibi harusi alitoa masharti mawili tu: nyumba iwe inayoonekana kutoka njia itokayo ziwani, na asije mtu, awe padre au mkwe, akamwambia amfanyie Noel misa ya wafu. Kwa desturi ya kwao, msiba una siku yake ya kuvuliwa, wanaita kuganduka. Jamaa hukaa, hunywa, na mfiwa huruhusiwa kurudi duniani. Verediana hakutaka kuvuliwa kitu ambacho, kwa maneno yake, hajakivaa. Castory alikubali yote mawili. Kwa miaka ishirini na minne taa iliwashwa dirishani kila magharibi, na sahani moja ilifunikwa. Watoto wao, Brigita na Feliksi, walikua wakijua kwamba sahani ile haiguswi hadi asubuhi.

Mwaka 1987 redio ilitangaza kifo cha Jaidev Lalwani. Castory aliomba ruhusa kazini, akatandika mkeka nje, akakaa matanga. Majirani walikuja, nusu kwa upendo na nusu kwa kicheko. “Pole sana, Bwana Leso. Marehemu tunamzika Simbo au Ujiji?” Mwingine akauliza kama rambirambi apewe yeye au apelekewe mjane Bombay. Alipomwendea paroko wa wakati huo kuomba misa, padre alimwambia, “Castory, mtu huyu hakubatizwa.” Akajibu, “Baba, wala mimi sijui Kihindi, lakini miaka yote hii tumeelewana. Mungu atashindwaje?” Misa ikasomwa kwa ajili ya “mtu mmoja aliyetutendea mema.” Verediana hakumcheka. Alimletea uji mkekani, akasema, “Wewe una bahati. Wako redio imekuambia.” Neno hilo lilimchoma Castory kuliko utani wote wa mji.

Sasa tunafika mahali pagumu pa maisha haya, nasi hatuparuki, kwa sababu yeye mwenyewe hakuparuka. Mwaka 1995 kijana wa Ujiji aitwaye Marcel, mwenye kibanda cha video, alimpigia kelele njiani, “Shikamoo Mzee Castory! Nimekupatia ile filamu yako ya kale! Kaseti nzima!” Castory alikwenda alasiri ileile, amevaa koti. Aliona treni ikiondoka. Na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na miwili, treni haikukatika. Ilikwenda, na Lalwani alikohoa, akaegemea dirisha, akafa humo ndani, leso ikiwa mkononi. Wageni walimbeba mpaka kwa mama yake. Mama alimfuta uso kwa leso ileile, akamfumba macho, akakaa chini kando ya taa.

Castory alirudi nyumbani akakaa kimya hadi siku ya tatu. Wanafalsafa wa kale walibishana kama machozi yanayoletwa na uongo wa jukwaani ni machozi ya kweli; ndugu yetu alikuwa na swali zito zaidi: mtu aliyemwekea mama tumaini kwa uongo asioujua, akiisha kuujua, afanye nini? Akisema, anazima taa. Akinyamaza, kila magharibi anamdanganya mkewe kwa makusudi. Mwishowe Verediana alimwuliza, “Mume wangu, nani kakufia tena?”

Akamwambia. “Mwisho ule haukuwamo. Niliutunga mimi. Yule kijana hakufika mzima.”

Verediana alikuwa akichambua mchele. Hakuacha kuchambua. “Nipeleke nikaone,” akasema.

Katika maisha yake yote alikuwa hajaingia mahali pa sinema. Marcel aliwafungulia alasiri, wakiwa wawili tu kwenye benchi. Castory hakutafsiri, alikuwa ameshika leso yake kama mtu aliyeshika hatamu. Mama wa filamu alipomfumba mwanawe macho, Verediana alisogea mbele hadi uso wake ukawa karibu na kioo. Akasema, “Yoo! Amemwona.”

“Amekufa, Verediana.”

“Nimeona amekufa. Lakini amemshika. Amemfuta uso kwa mkono wake. Huyu mama unamsikitikia nini?” Akamgeukia mumewe. “Wangu mimi, nani alimfumba macho?”

Walirudi nyumbani kwa miguu. Magharibi ilipofika Castory alitazama atafanya nini. Verediana aliwasha taa. Akafunika sahani. Akasema, “Filamu ni ya yule. Mimi ya kwangu haijaisha.”

Swali lile la kibandani halikumtoka Castory tena. Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vilipowaka ng'ambo, Kongo, watu walianza tena kuvuka ziwa, na si mitumbwi yote iliyofika. Mawimbi yaliwaleta waliokufa maji kwenye fukwe za kaskazini. Castory, mstaafu wa miaka hamsini na minane, alipanda boti hadi Mwamgongo na kuomba kusaidia kuzika. Wavuvi wengine waliogopa kumgusa maiti asiyejulikana ukoo, wakihofia nyavu zao. Mmoja alimwambia, “Mzee, huyu si ndugu yako. Utajiletea makubwa.” Castory akapiga magoti mchangani. “Mama yake hayupo hapa,” akasema. “Mimi nipo.” Alimfuta uso kwa kitambaa cheupe, akamfumba macho, akamsomea sala fupi, hakuuliza kama ni Mkristo au Mwislamu. Hata maiti walipokuwa ni watoto, hakumwachia mwingine kazi hiyo. Alifanya hivyo msimu wote ule na uliofuata. Vitambaa alivikata Verediana mwenyewe, kutoka katika shuka za ndoa yao.

Aliombwa pia kambini awasimulie akina mama Filamu ya Leso. Hapo ndipo tulipoona alivyokata shauri lake. Alisimulia mama, taa, jela, treni. Magurudumu yakaanza kuzunguka, naye akanyamaza. Mama mmoja akauliza, “Kisha? Akafika?”

“Filamu iliyofika Kigoma iliishia hapo, mama.”

“Kwa hiyo hakufika?”

“Yuko kwenye treni,” akasema Castory. Tangu hapo hakuongeza neno juu yake, wala hakupunguza.

Mwezi Mei 1998 sauti yake ilianza kukwaruza. Ilidhaniwa ni baridi ya ziwani. Hospitali ya mkoa ilimpa rufaa kwenda hospitali kubwa, na huko iligundulika kuwa ni saratani ya koromeo, imekwisha kuenea. Alirudishwa nyumbani kabla ya Krismasi. Mtu aliyejaza ukumbi kwa sauti alibaki na mnong'ono, kisha na mnong'ono wa kusikiwa na sikio moja tu. Maumivu yalikuwa makali, nasi hatutayapamba. Muuguzi wa zamu, Bi Elinipa, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyekuja kila siku kumchoma sindano, alisema hajapata kumwona mgonjwa anayejifuta paji la uso na kukunja leso kabla ya kusema “asante.”

Jumatatu, tarehe 8 Machi 1999, alipokea Mpako Mtakatifu. Asubuhi iliyofuata Brigita alikuwa chumbani ameshika bakuli la uji alipomsikia mama yake akisema neno ambalo hakuwahi kulisema tangu alipoteremka Mwamgongo.

“Castory. Huko uendako, mtafute mwana wanje, mwanangu.”

Midomo ya Castory ilisogea. Verediana aliinama, kisha akarudia kwa sauti alichosikia, kama ambavyo mumewe zamani aliwarudia watu maneno ya Lalwani: “Unauliza, ukimkosa?” Akamlaza vizuri kichwa. “Ukimkosa, basi bado yuko njiani. Nitawasha taa.”

Midomo ikasogea tena.

“Ukimpata,” Verediana akamjibu, “mfute uso.”

Ndugu yetu Castory Ntahondi alifariki saa nne asubuhi hiyo, Jumanne, tarehe 9 Machi 1999, nyumbani kwake Rusimbi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Mkewe alimfuta uso kwa leso nyeupe, akamfumba macho, akaikunja leso na kuirudisha mfuko wa kushoto. Leso hiyo anakwenda nayo.

Marehemu ameacha mjane, Verediana. Kaka mmoja, Gervasi. Watoto, Brigita na Feliksi. Na wajukuu wawili, Happiness na Clinton. Wakati wa kuandaa karatasi hizi familia iliulizwa jina la Noel liandikwe upande gani, wa waliotangulia au wa walioachwa. Mama mfiwa alijibu kwamba Castory ndiye aliyetumwa kuulizia, naye hajarudi na jibu. Kwa hiyo tumemwandika hapa, pamoja na walio hai: mtoto wake Noel. Jana magharibi, jeneza likiwa sebuleni, taa iliwashwa dirishani, na sahani moja ikafunikwa.

Mungu Baba, uliyemwita mtumishi wako katika majira ya taabu za watu wako, umpokee mlangoni kama alivyotamani kila aliyepotea apokewe. Apumzike kwa amani. Na huko aingiapo, akute chakula hakijapoa.